Ulikaji wa Matairi na Viungo vya Usukani: Dalili, Chanzo na Istilahi Zake

1. Utangulizi

Katika taarifa zinazoandikwa kuhusu magari ya ofisi, ya shule na ya mashirika, imo sentensi inayorudiwa mara kwa mara: "Matairi mawili ya mbele yamekwisha, yanunuliwe mengine." Aliyeiandika hakusema uongo, kwani matairi hayo yamekwisha kweli. Lakini hakusema yamekwisha vipi: katikati au mabegani, upande wa ndani au upande wa nje, kwa kulainika au kwa kukwaruzika. Ofisi hununua matairi mapya, gari likarudi barabarani, na baada ya miezi michache taarifa ile ile ikaandikwa tena. Hapo hapana budi mtu ajiulize kama ugonjwa ulikuwa katika tairi, au ulikuwa katika viungo vya usukani vilivyofungwa visivyo, na tairi likawa shahidi tu ambaye hakuna aliyemhoji.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, ni kueleza kwa lugha ya kawaida jinsi uso wa tairi unavyosomwa ili kugundua kosa lililofanywa katika ufungaji wa viungo vya usukani. Pili, ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa jambo hili ni ugumu wa istilahi. Mfasiri wa kitabu cha matengenezo, mwalimu wa shule ya ufundi na mtumishi anayejaza fomu ya ukaguzi wote watatu huhitaji maneno yanayotenga dalili na chanzo. Maneno hayo yasipokuwapo, au yakitumiwa ovyo, fedha hupotea. Na kwa kuwa kinachozungumzwa hapa ni usukani, hata roho za watu zaweza kupotea.

2. Majina ya vitu na majina ya pembe

Kiswahili cha gereji si maskini wa majina ya vifaa. Fundi na mwenye duka la vipuri huelewana bila taabu wanapotaja tairodi, boljointi, beringi, bushi, shokapu, springi, rimu na stelingi boksi. Majina haya yaliingia pamoja na vitu vyenyewe. Kifaa kiliposhuka kutoka katika kasha lake, jina lilishuka nacho, likavikwa irabu za Kiswahili, likapewa ngeli na kuanza kazi. Leo mtu husema "tairodi imelegea" au "boljointi zimekufa", na kila aliye katika kazi hiyo huelewa. Wako wanaotaka maneno ya namna hii yaondolewe na mahali pake yawekwe maneno ya asili ya Kibantu. Nia yao ni njema, lakini yafaa ikumbukwe kuwa neno ambalo dereva wa Kigoma na fundi wa Tanga hulitumia kwa maana moja limekwisha kutimiza sharti lililo kubwa kuliko yote katika istilahi. Kulifukuza neno hilo ni kuvunja daraja lililokwisha kujengwa.

Upungufu uko mahali pengine. Kifaa hushikika mkononi, pembe haishikiki. Hakuna duka linalouza pembe, wala hakuna kasha lililoteremshwa bandarini likiwa na pembe ndani yake. Kwa sababu hiyo, vipimo vya jinsi magurudumu yanavyokaa barabarani havikupata majina yake, na neno moja, yaani "alaimenti", likabebeshwa mzigo wote. Dereva husema "alaimenti imeharibika". Fundi husema "nimepiga alaimenti". Karani huandika "gari lifanyiwe alaimenti". Ndani ya neno hilo mmo vipimo kadhaa, na kila kimoja kina chanzo chake, dalili zake na tiba yake. Hali hiyo ni sawa na ya tabibu aliye na neno moja tu, "homa", ambalo analitumia kwa malaria, kwa kichomi na kwa kidonda kilichoingia uchafu. Atampa kila mgonjwa dawa moja, na wachache watapona kwa bahati.

Tuvitazame vipimo hivyo kimoja kimoja.

Kwanza, tulitazame gari kutoka juu, kana kwamba tumekaa juu ya tawi la mwembe nalo linapita chini yetu. Tutaona magurudumu mawili ya mbele kama nyayo mbili za mtu. Ikiwa ncha za mbele za magurudumu zimesogeleana kuliko ncha za nyuma, magurudumu yamebana mbele, mithili ya mtu anayetembea vidole vyake vya miguu vikielekeana. Ikiwa ncha za mbele zimeachana kuliko za nyuma, yametanua mbele. Lugha ya kila siku ina vitenzi viwili vinavyopingana barabara, yaani kubana na kutanua, na tunazungumza kila siku juu ya kubana miguu na kutanua miguu. Kwa hiyo katika makala haya tunapendekeza "mbano wa mbele" na "mtanuko wa mbele".

Pili, tulitazame gari kutoka mbele, nalo limesimama likitukabili. Gurudumu laweza kusimama wima kama nguzo mpya, au laweza kuinama. Kichwa cha gurudumu kikielekea nje ya gari, tuseme lina "mwinamo wa nje"; kikielekea ndani, lina "mwinamo wa ndani". Huenda mfasiri akavutiwa na neno "matege", ambalo kila mtu analijua. Lakini matege ni kupinda kwa mguu wenyewe, ilhali gurudumu halikupinda. Limeinama likiwa zima. Aliyesoma kwamba gurudumu lina matege ataanza kutafuta rimu iliyopinda, na huko ndiko asikokuwako mkosaji.

Tatu, tulitazame gari linapokata kona. Gurudumu lililo upande wa ndani wa kona huzunguka katika duara dogo kuliko lile la nje. Ili yote mawili yabingirike bila kuburutwa, gurudumu la ndani halina budi kugeuka kwa pembe kubwa zaidi. Kanuni hii ni ya zamani kuliko gari la petroli. Ilibuniwa na Georg Lankensperger wa Munich kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaisajili mjini London, ndiyo maana jina lililobaki midomoni mwa mainjinia ni lake. Kwa Kiswahili twaweza kukiita kipimo hiki "tofauti ya kona".

Iko pia pembe ya mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Makosa ya pembe hiyo aghalabu hujitokeza kwa gari kuvuta upande mmoja au usukani kuwa mzito au mwepesi kupita kiasi, kuliko kwa tairi kuharibika. Kwa hiyo hatutaijadili hapa.

3. Kulika, kuchakaa na kwisha

Kabla ya kusoma tairi, tuangalie vitenzi tunavyovitumia. Tairi likitembea kilomita nyingi, mpira wake hupungua sawasawa pande zote mpaka likawa kipara. Hapo limechakaa, na halikukosewa na mtu. Lakini tairi likipungua upande mmoja ilhali upande mwingine mifereji yake ingali na kina, hapo limelika. Kitenzi "lika" kinatokana na "la", yaani kula, na hutumika kwa vitu vinavyomung'unywa kidogo kidogo, kama jiwe linavyolika kwa maji.

Mafundi wamekwenda mbele zaidi ya waandishi wa taarifa. Wao husema "gari hili linakula matairi." Sentensi hiyo fupi ina sarufi yenye manufaa makubwa, kwani mtenda ametajwa, naye ni gari. "Tairi limelika" humficha mtenda lakini huonyesha kwamba jambo limetendeka. "Tairi limekwisha" huficha yote mawili. Karani anayeandika "limekwisha" mahali ambapo fundi alimwambia "linaliwa" amefuta ushahidi bila kukusudia. Tunapendekeza basi kwamba "ulikaji" uwe jina la upungufu usio sawa wenye chanzo cha kutafutwa, na "uchakavu" ubaki kuwa jina la upungufu wa kawaida wa umri na safari.

4. Kusoma uso wa tairi

Uso wa tairi ni ile sehemu inayogusa barabara. Kingo zake mbili tuziite mabega: bega la nje linaloelekea mtazamaji aliye kando ya gari, na bega la ndani linaloelekea injini. Dalili kuu ni hizi zifuatazo.

(a) Uso umelika katikati, mabega yangali mazima. Hii ni dalili ya upepo mwingi kupita kiasi. Viungo vya usukani havihusiki.

(b) Mabega yote mawili yamelika, katikati pangali pazima. Upepo ulikuwa mchache. Hapa pia usukani hauna hatia.

(c) Uso una mabonde ya hapa na pale, kama umechotwa kwa kijiko. Aghalabu chanzo ni shokapu zilizokufa, gurudumu lisilo na ulinganifu wa uzito, au kiungo kilicholegea kinachoacha gurudumu lirukeruke.

(d) Bega moja limelika kwa ulaini, bila kingo kali. Hii ni dalili ya mwinamo. Mwinamo wa nje hula bega la nje. Mwinamo wa ndani hula bega la ndani. Mara nyingi hutokea kwa tairi moja tu, kwa sababu kilichopinda au kilichofungwa vibaya kiko upande mmoja.

(e) Uso umelika kwa meno ya msumeno: kila ukingo wa mfereji una upande mmoja uliolainika na upande mwingine wenye makali. Hii ndiyo dalili ya mbano au mtanuko usio sahihi, na ndiyo inayotuhusu zaidi. Tairi halikubingirika tu. Lilikuwa pia likiburutwa kwa ubavu.

Dalili ya (e) hutambuliwa kwa kiganja kuliko kwa jicho. Gari likiwa limezimwa na magurudumu yamezuiwa, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa kiganja kinateleza kikienda ndani na kukwaruzwa kikienda nje, mbano wa mbele umezidi. Ikiwa kinateleza kikienda nje na kukwaruzwa kikienda ndani, mtanuko wa mbele umezidi. Sababu yake ni rahisi. Gurudumu lililobana mbele husukumwa kuelekea nje ya njia linakotaka kwenda, hivyo ukingo wa nje wa kila mwamba wa mpira ndio unaotangulia kusagwa na lami, na ukingo wa ndani hubaki na makali. Kwa mtanuko mambo huwa kinyume chake. Pitisha kiganja polepole, kwani tairi lililolika sana huenda nyuzi za chuma zimechomoza.

Yafaa pia kuuliza kabla ya kuhukumu: je, matairi haya yamebadilishwa nafasi hivi karibuni? Tairi lililolikia mbele likahamishiwa nyuma hubeba dalili zake, na asiyejua ataishtaki ekseli ya nyuma kwa kosa lisilo lake.

5. Makosa ya ufungaji

Tumefika kwenye kiini cha maelezo. Viungo vya usukani vyaweza kuharibika kwa njia tatu, na kila njia yahitaji kitenzi chake: kuchakaa, kupinda na kufungwa visivyo. Njia ya tatu husahauliwa kwa sababu hutokea mara tu baada ya gari kutoka gereji, wakati ambapo kila mtu anaamini kwamba gari limepona.

Kosa la kwanza ni urefu wa tairodi. Tairodi hurefushwa na kufupishwa kwa kuzungushwa katika hesi, au thredi kama wasemavyo mafundi. Kichwa chake kikibadilishwa, baadhi ya mafundi huhesabu mizunguko waliyofungua, kisha hufunga kipya kwa hesabu ile ile. Njia hii hulifikisha gari mahali pa kupimiwa, lakini haiwi mbadala wa kipimo, kwa kuwa kichwa kipya huenda kisilingane na cha zamani kwa urefu. Hebu tufanye hesabu. Tuseme hesi husogea milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja, na mkono unaogeuza gurudumu una urefu wa milimita 150. Mzunguko mmoja wa ziada utaligeuza gurudumu kwa sehemu moja katika mia. Katika tairi lenye kipenyo cha milimita 600, kosa hilo huonekana kama tofauti ya milimita 6 baina ya mbele na nyuma. Gari likitembea, magurudumu mawili hugawana kosa hilo nusu kwa nusu, na kila moja huwa kama linaburutwa kwa ubavu mita 5 katika kila kilomita 1. Kwa safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo ni takriban kilomita 190, tairi huwa limeburutwa karibu kilomita nzima. Mzunguko mmoja wa mkono wa fundi watosha kufanya hayo.

Kosa la pili ni tairodi za kushoto na kulia kutolingana urefu katika magari yaliyotengenezwa zilingane. Jumla ya mbano yaweza kuwa sahihi, lakini usukani hukaa upogo gari linapokwenda moja kwa moja. Hapo baadhi ya watu huung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Wamenyoosha dalili na kuacha kosa, kwani stelingi boksi haiko tena katikati ya mwendo wake, na gari hukata kona pana upande mmoja na kona finyu upande wa pili.

Kosa la tatu ni kubadilishana kwa mikono ya usukani, yaani wa kushoto kufungwa kulia na wa kulia kufungwa kushoto, katika magari ambayo mikono hiyo hufungwa kwa bolti. Mbano ukipimwa gari limesimama, huenda ukaonekana sahihi kabisa. Kilichoharibika ni tofauti ya kona. Gari la namna hii hulia matairi katika kila mzunguko wa mji, na hula matairi upesi mjini kuliko katika safari ndefu.

Kosa la nne ni kimo cha tairodi. Kichwa cha tairodi kikiingizwa kutoka chini ya mkono badala ya kutoka juu, au kinyume chake, au reki ya usukani ikifungwa upande mmoja juu kuliko upande mwingine, tairodi hailali tena sambamba na viungo vinavyobeba gurudumu. Kila gurudumu linapopanda na kushuka katika shimo, tairodi hulivuta au hulisukuma. Sakafuni alaimenti ni nzuri; barabarani, hasa penye makorongo, mbano na mtanuko hupokezana mamia ya mara kwa kilomita. Hili ndilo kosa linalowashinda wengi, kwa sababu kipimo cha gari lililosimama huliondolea hatia.

Kosa la tano ni ulegevu. Nati ya boljointi isipokazwa kwa nguvu iliyoagizwa, au pini inayozuia nati isifunguke isiporudishwa, kiungo hucheza. Kwanza tairi hulika. Kiungo kikiachwa hivyo, chaweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo, na gurudumu likabaki bila wa kuliongoza. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ulikaji wa tairi ni ufa unaoonekana mapema, kwa bei nafuu, kwa mtu yeyote mwenye macho na kiganja.

6. Utaratibu wa uchunguzi

Uchunguzi hufuata ngazi, na ngazi isirukwe. Kwanza, hakikisha upepo wa matairi uko kama alivyoagiza mtengenezaji. Pili, soma uso wa tairi na uandike ulichokiona, si ulichokidhani. Tatu, inua gari kwa jeki, liegemeze juu ya stendi imara, kisha tikisa gurudumu kwa kulishika kushoto na kulia, halafu juu na chini. Uchezaji wa kushoto na kulia huelekeza kwenye tairodi, na ule wa juu na chini huelekeza kwenye beringi au boljointi. Nne, linganisha upande wa kushoto na wa kulia: je, vichwa vya tairodi vimeingizwa kutoka upande mmoja? Je, hesi zinazoonekana nje zinakaribiana kwa idadi? Je, mikono ya usukani ina umbo linaloelekeana kama viganja viwili? Tano, baada ya hayo yote, pima.

Mbano waweza kupimwa kwa chaki na utepe. Gari likae mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Kila gurudumu la mbele huinuliwa, huzungushwa, na mstari mwembamba huchorwa katikati ya uso wa tairi. Gari hushushwa na kusukumwa mbele mita chache ili viungo vitulie. Umbali baina ya mistari miwili hupimwa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Gari husukumwa tena mpaka alama zile zile zifike nyuma, na umbali hupimwa mara ya pili kwenye kimo kile kile. Kipimo cha mbele kikiwa kidogo, kuna mbano. Kikiwa kikubwa, kuna mtanuko. Kiasi kinachotakiwa huandikwa katika kitabu cha gari, na hutofautiana. Magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma huhitaji mbano kidogo, ilhali mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele huhitaji tofauti iliyo karibu na sifuri, au mtanuko kidogo. Kupima kabla ya kuondoa ulegevu ni kazi bure, kwa kuwa kiungo kinachocheza hutoa kipimo kipya kila gari linaposukumwa.

7. Nasaha kwa wanaoandika

Kwa wafasiri, tahadhari ya kwanza ni pande. Vitabu vya magari hutumia kushoto na kulia kwa kumfikiria dereva aliyekaa na kutazama mbele. Mtu anayelikabili gari huona kinyume chake. Wala haifai kuandika "upande wa dereva" badala ya kulia, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto na dereva hukaa kulia, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia na dereva hukaa kushoto. Kitabu kimoja cha Kiswahili chaweza kusomwa pande zote hizo, na tairodi ya kushoto mara nyingine huwa na hesi tofauti na ya kulia. Neno moja lisilo makini laweza kumfanya msomaji wa Bujumbura akaze pale alipotakiwa kulegeza.

Tahadhari ya pili ni maneno "ndani" na "nje". Katika kona, gurudumu la ndani ni lile lililo karibu na kitovu cha kona. Katika tairi, bega la ndani ni lile linaloelekea injini. Mfasiri asiyeongeza jina kabla ya kivumishi, akaandika "la ndani limelika" tu, amewapa wasomaji kitendawili.

Kwa walimu wa ufundi, faida ya istilahi hizi ni kwamba zinajieleza. Mwanafunzi aliyesikia "mbano wa mbele" kwa mara ya kwanza aweza kuuonyesha kwa viganja vyake viwili bila kufundishwa. Ajifunze pia neno la kigeni atakalolikuta katika vitabu vya nje, lakini alitundike juu ya fahamu aliyokwisha kuipata kwa lugha yake.

Kwa watumishi wanaoandaa fomu za ukaguzi, pendekezo ni dogo na halina gharama. Mahali palipo na nafasi moja iliyoandikwa "Hali ya matairi", ziwekwe nafasi tatu: Dalili, Chanzo, Hatua. Dereva atajaza ya kwanza, fundi ya pili, na mwenye mamlaka ya matumizi ataidhinisha ya tatu baada ya kuona kwamba ya pili haiko tupu. Fomu ya namna hii haitaruhusu matairi mapya yafungwe juu ya kosa la zamani.

8. Orodha ya istilahi zilizotumika

Alaimenti: jina la jumla la vipimo vyote vya ukaaji wa magurudumu, lisitumike kwa kipimo kimoja.
Bega la tairi: ukingo wa uso wa tairi, wa ndani au wa nje.
Mbano wa mbele: hali ya magurudumu ya ekseli moja kukaribiana mbele kuliko nyuma.
Meno ya msumeno: alama za ulikaji zenye makali upande mmoja, zitokanazo na tairi kuburutwa kwa ubavu.
Mkono wa usukani: kipande kinachopokea mwendo wa tairodi na kugeuza gurudumu.
Mtanuko wa mbele: hali ya magurudumu ya ekseli moja kuachana mbele kuliko nyuma.
Mwinamo: kuinama kwa gurudumu kutoka wima, kwenda ndani au nje.
Tairodi: ufito wenye hesi unaounganisha usukani na mkono wa usukani, urefu wake ukiweza kurekebishwa.
Tofauti ya kona: tofauti ya pembe baina ya gurudumu la ndani na la nje gari linapokata kona.
Uchakavu: upungufu wa kawaida utokanao na umri na matumizi.
Ulikaji: upungufu usio sawa, wenye chanzo kinachopasa kutafutwa.

Istilahi za orodha hii ambazo ni mpya ni mapendekezo, na mahali pake pa kupimwa ni gereji na darasani. Mafundi wakizikubali, zitaishi. Wakizikataa na kuleta zilizo bora, tuzipokee kwa shukrani na kuziandika. Jambo lisilofaa kuendelea ni kuiacha sentensi ile ya kwanza, "yamekwisha, yanunuliwe mengine," ipite mezani mwetu bila kuulizwa: yamekwisha vipi?